Maharage ya Safari ya Maskati

Jirani yangu hapa Kihonda kabandika maharage, na harufu imeingia mpaka chumbani bila hodi. Imekuja na moshi wa jikoni kwa bibi, milimani juu ya Mlali, wa siku ile ya utotoni mama alipopanda ndege kwenda Maskati kufanya kazi za ndani.

Mjomba alituambia kutoka Dar mpaka huko ni karibu kilomita elfu nne, na ndege inakwenda masaa matano. Nikamuuliza bibi masaa matano ni kiasi gani. Akainjika chungu cha maharage ya mwaka jana, yale magumu.

"Haya yakiiva, mjukuu wangu, mama yako keshafika."

Sikutaka afike. Kila bibi alipotoka nje, nilichomoa kuni moja na kuizima kwenye majivu.

Jioni akapakua. Alitafuna kwa shida, akageuka kutazama jiko, akaziona zile kuni. Nikainamisha kichwa nikisubiri kugombezwa.

"Hayajaiva," alisema, akaendelea kutafuna vile vile. "Basi bado yuko njiani."