Msingi wa Kifundo cha Mguu

Siku yangu ya kwanza katika uashi hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, nilifika na shahada ya historia kutoka Bukavu na viatu vya ngozi. Kapita, yaani msimamizi wa mafundi, alivitazama viatu kwanza.

"Profesa, beba maji."

Nilibeba. Baadaye nilijifunza kuvuta uzi ili ukuta unyooke, na kusoma pimamaji. Lakini msingi ulinisumbua. Mfereji tuliochimba ulifika kifundo cha mguu tu, kisha matofali yakapanda. Nikauliza kwa nini.

"Batu iko njiani," Kapita akasema. "Nani anachimba msingi ya nyumba ya kupitia?"

Mteja wetu, Mama Neema, mshonaji kutoka Fizi, alimuunga mkono. "Fundi, usichimbe sana. Mwaka kesho tuko Canada. We ndio utabakia nayo?"

Kila nyumba tuliyojenga ilikuwa na Canada yake. Na kila jirani, ili kuokoa matofali, aliegemeza chumba chake kwenye ukuta wa mwenzake.

Kisha nikapata kazi Lilongwe, mtaa wa Area 49. Huko msimamizi, Mmalawi mkali, alituchimbisha msingi mpaka kiunoni. "Mwenye nyumba atafia hapa," alisema. Sikuwa nimewahi kumjengea mtu anayejua atakapofia.

Niliporudi, mvua ilikuwa imenyesha juma zima. Ukuta wa mwisho wa safu ulititia, ukavuta wa pili, na wa pili ukavuta wa Mama Neema. Alikuwa kwenye cherehani. Mimi na Kapita tulimchimbia kaburi. Lilifika kifuani.

Chuoni nilifundishwa wakubwa, vita na mikataba. Nikamtafuta mkubwa wa kumlaumu, sikumpata. Hakuna aliyeamuru msingi mfupi. Kila familia iliokoa kazi ya nusu siku, kwa tumaini lisilo na ubaya wowote, na matumaini hayo yote yakamwangukia mwanamke mmoja. Watu wanasema ni mvua.

Baada ya matanga, mumewe aliniita nijenge upya. Nikavuta uzi, nikaanza kuchimba, nikamwambia tutashuka kiunoni.

"Mpaka huko, Profesa? Batoto batafikiri tunabakia."

"Papa Neema, ukuta uliua mutu."

"Najua uliua nani." Akanyoosha mguu wake, akagusa kifundo. "Apa inatosha."

Nikaweka sepetu chini. Ndivyo nilivyostaafu uashi, kabla hata ya kufika miaka thelathini na tano. Fundi mwingine alipaua nyumba ile kabla ya Jumapili.