Sura ya Kitana kwenye Bango la Dada Yake

Kitana alipata habari kwamba amekuwa profesa akiwa na kichwa cha mteja mikononi na povu la shampuu limemfika viwikoni. Mama muuza vitambaa, mteja wake wa siku nyingi, aliingia saluni, akajibwaga kwenye kiti kile chenye springi mbovu, akamtazama kwa jicho la kumsuta.

"Mwenzangu, kumbe mambo makubwa unayafanya kimyakimya," alisema. "Nimekuona chuoni umevaa joho."

"Joho la nini tena?"

"La wasomi. Umebandikwa ukutani, mkubwa kuliko mlango huu."

Kitana alicheka, akaendelea kusuuza. Mama wa vitambaa anajulikana kwa kutia chumvi. Akikwambia mvua inakuja, wewe anika nguo zako. Lakini alipoingia mteja wa pili akamwita Profesa, na wa tatu akamuuliza kama bado atakubali kuosha vichwa vya watu wadogo, alivua aproni, akavuka barabara, akapita geti la chuo mpaka kwenye ukuta wa maktaba.

Mabango kumi yalikuwa yamepangwa kwa safu. Chuo kilikuwa kinajiandaa kuwaenzi wanawake waliosoma au kufundisha pale wakafanya mambo ya maana: jaji, mhandisi wa madaraja, mwalimu wa hesabu aliyestaafu lakini bado anatisha hata kwenye picha. Bango la nne lilikuwa na jina la dada yake Kitana, profesa na bingwa wa magonjwa ya mifugo, mwanamke wa kwanza kuongoza idara yake katika chuo cha mkoa mwingine. Juu ya jina hilo, ndani ya joho na kofia, alisimama msichana wa miaka kumi na tisa anayecheka meno yote nje. Msichana huyo alikuwa Kitana.

Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi za maktaba. Kisha kicheko kikamkauka, maana alikumbuka picha ile ilivyopigwa.

Ilikuwa hivi. Siku ya mahafali ya dada, joho lilikuwa la kukodi na lilitakiwa kurudishwa jioni. Familia nzima ilikwenda studio, na kwa kuwa joho si kitu cha kupatikana kila siku, kila mtu alilivaa. Mama alilivaa. Baba alilivaa juu ya koti. Shangazi alilivaa, kulivua ikawa vita. Kitana alilivaa kwa mzaha, akaangua kicheko, na mpiga picha akabofya. Dada mwenyewe alipigwa mara nyingi kuliko wote, lakini ana ugonjwa usio na dawa: kamera ikimwelekea, macho yanajifumba. Kwenye kitambulisho amelala. Kwenye picha za harusi amelala, na bwana harusi anaonekana kama mtu aliyeoa mgonjwa. Basi chuo kilipotaka picha ya mhitimu kwa ajili ya faili, mpiga picha alichagua iliyopendeza akaipeleka. Ndugu hawa wamefanana mno, na yeye hakuwa anawajua kiasi cha kuwatofautisha.

Watu wanaopenda hadithi za machozi humuuliza Kitana kama aliacha masomo ili dada yake asome. Huwakatisha tamaa. Yeye na shule waliachana kwa amani, kila mmoja amemchoka mwenzake. Alichokitaka tangu utotoni ni vichwa vya watu. Dada akiwa amekaa sakafuni na kitabu, mdogo mtu alikuwa nyuma yake kwenye kiti, anamsuka, anamfumua, anamsuka tena. Huko ndiko lilikotoka jina la Kitana, na huko ndiko ilikotoka saluni yenye viti vitatu, draya mbili na kioo kirefu ambacho haruhusu mtu mwingine akifute.

Dada, kwa upande wake, hakuwahi kuona cha kuchekesha kwenye habari za picha. Darasani kwao alikuwa msichana peke yake, na kwenye picha ya darasa limetokea sikio lake tu, nyuma ya bega la kijana mrefu. Chuo kilipompigia simu kumwalika, alimpigia Kitana papo hapo. "Safari hii wataniona," alisema. Sherehe yenyewe ilikuwa kesho yake, na atakayeonekana alikuwa Kitana. Akainuka pale kwenye ngazi kwenda kutafuta ofisi.

Afisa wa sherehe, bwana mnene mwenye tai fupi, alisimama alipomwona mlangoni.

"Karibu sana, Profesa. Tulikutegemea kesho."

"Mimi si profesa. Mimi ni msusi, nina saluni hapo ng'ambo."

Bwana yule alicheka kwa heshima. "Wakubwa nanyi mna utani."

"Sikiliza, kaka. Ile picha ya nne si ya dada yangu. Ile ni yangu mimi."

"Ni yako kabisa. Na hujabadilika hata kidogo."

Kila alivyozidi kueleza, ndivyo alivyozidi kuheshimiwa. Aliletewa soda. Alionyeshwa kiti atakachokalia, mstari wa mbele. Mwishowe bwana alimshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema hajapata kukutana na msomi asiye na majivuno namna hii. Kitana alitoka na mfuko wa zawadi wenye kofia na kalamu, na bango liko palepale.

Asubuhi iliyofuata dada alishuka kwenye basi la kwanza akaja moja kwa moja saluni kutengenezwa nywele. Kitana alikuwa amepanga kumwambia akifika. Alipofika, akaona anywe chai kwanza. Baada ya chai, akaona amwoshe nywele kwanza. Nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa ndipo alipopata moyo.

"Dada, kuna jambo. Usigeuke."

Alimweleza yote, na dada alisikiliza ametulia tuli, macho kwenye kioo.

"Na ulipoliona ulifanya nini?" aliuliza.

"Nilicheka kwanza," Kitana alikiri. "Lakini baadaye..."

Dada aliinuka. Nusu ya nywele zake ilikuwa imelala mistari, nusu imesimama wima, na taulo likining'inia mabegani.

"Ulicheka. Mimi nimepigwa mateke na ng'ombe wa nchi nzima. Nimetia mkono mahali ambapo wewe hata jicho huwezi kutia. Yule mrefu aliyenikinga kwenye picha ya darasa alifeli, unajua hilo? Alifeli, na sura yake ipo. Leo ndiyo siku moja ya sura yangu, na hata leo sipo."

Machozi yalikuwa yanamlenga, na kidole kilikuwa hewani. Kitana alitaka kumkumbatia. Lakini alikuwa anamtazama kwenye kioo, na kwenye kioo aliona macho. Yalikuwa wazi, makubwa, yanawaka. Hapo akagundua kwamba maisha yake yote hajawahi kuyaona yakijifumba dada akiwa na jambo la kusema. Alitoa simu mfukoni mwa aproni, akabofya.

"Unanipiga picha?" dada alisema. "Sasa hivi?"

"Endelea. Nigombeze tu, usinijali."

Dada aliendelea, alikuwa na mengi. Alianza na bango, akarudi nyuma mpaka kwenye sketi yake iliyochomwa kwa pasi walipokuwa wasichana, na Kitana alibofya bila kujitetea. Pumzi ilipomwishia, Kitana alimpa simu. Dada aliitazama, akafuta machozi, akaitazama tena.

"Nimefumbua," alisema polepole.

"Umefumbua."

"Lakini nina taulo."

"Unalo."

"Na nywele nusu. Nitawekwa karibu na jaji hivi?"

"Nywele nitazimaliza. Picha ndiyo siwezi kuirudia, ukijua tu unapigwa utalala. Chagua mwenyewe, dada. Mimi hapa nimeshafanya makosa ya kutosha."

Dada alikaa. Alishika ncha ya taulo, akalikunja, akalikunjua. Nje mama wa vitambaa alipita akichungulia.

"Kachapishe," dada alisema.

Fundi wa mabango yupo mlango wa pili kutoka saluni, na mabango yote kumi yalitoka kwake. Aliposikia kisa alijikuna kidevu. "Nilipochapa lile la kwanza nilijiambia, mbona huyu ni jirani yangu. Nikaona si kazi yangu kumuuliza mtu lini amekuwa profesa." Alisema taulo anaweza kulifuta kwa kompyuta, kazi ya dakika chache. Dada, ambaye sasa alikuwa amesukwa kichwa kizima na amepaka wanja, alimwambia aliache.

Bwana wa tai fupi aliwaona wakija wawili, sura moja, bango jipya limebebwa katikati yao. Alimtazama huyu, akamtazama yule.

"Samahani," alisema. "Profesa ni yupi?"

"Mwenye hasira," alijibu dada.

La zamani lilishushwa, jipya likapanda. Wageni walipoanza kuzunguka, dada alisimama mbali kidogo amemshika Kitana mkono. Wengine walitabasamu kwa sababu ya taulo. Mmoja aliuliza kama ni tangazo. Kitana alisikia mkono ule ukilegea, akataka kwenda kumfundisha adabu aliyeuliza.

Kisha akaja yule mwalimu wa hesabu, mkongojo mkononi, bado anatisha. Aliyapita mabango matatu bila kusimama, na lake mwenyewe hata hakulitazama. Mbele ya la nne alisimama muda mrefu.

"Huyu namjua," alisema. "Nilimfundisha mwaka wa kwanza. Wavulana tele na yeye peke yake, kidole juu hivihivi kila siku, anabisha. Nilikuwa nikiingia darasani natafuta kidole hicho kwanza."

Dada alimwachia Kitana mkono, akaenda mbele.

"Shikamoo, mwalimu," alisema.

"Marahaba. Umekawia kufika ukutani hapa."

Kitana alilia pale waziwazi, mtu mzima na aproni yake. Bango la zamani alilichukua, na sasa limejaa ukuta mzima wa saluni, mkabala na kioo. Dada mwenyewe alifuta jina lake kwa wino mweusi, chini akaandika: Kitana, bingwa wa vichwa.

Jioni ile, kabla ya kuagana, mpiga picha wa chuo aliwapanga wanawake wote kumi kwenye ngazi za maktaba. Picha ilitoka vizuri, tisa wanatazama mbele na mmoja amelala. Dada alipoonyeshwa alicheka, akasema ile ya ukutani inatosha.