Jicho la Kushoto la Dalali

Inasemekana kwamba marehemu mume wangu alikuwa akiwakonyeza wateja mnadani ili wapandishe bei, na kwamba alipogundulika akajifanya mgonjwa. Habari hii niliisikia saluni, nikaisikia tena kwenye msiba wake mwenyewe, kutoka kwa mtu aliyekuwa na sahani yangu mkononi. Naandika mara moja tu, wajukuu wasome.

Mume wangu alikuwa akinadi samani kuukuu, na watu wote walimwita Dalali, hata mama yake mzazi. Katika ukumbi ule wanunuzi wazoefu hawapazi sauti. Mmoja hugusa sikio, mwingine huinua kalamu, na dalali humjibu kwa jicho: nimekuona, bei ni yako. Jicho la dalali ni kama muhuri. Likianza kucheza ovyo, hana kazi.

Lake la kushoto lilianza kucheza. Maumivu yalimchoma nyuma ya jicho kama msumari wa moto, kope ikashuka, machozi yakamtoka upande huo tu, na kamasi upande huo tu. Baada ya dakika chache yaliondoka, naye akaendelea kunadi meza. Kabla ya jioni yalikuwa yamerudi tena na tena. Upande wa kulia hakuwa na tatizo lolote. Ungemwona kwa upande huo ungempa kazi benki.

Alitibiwa kipandauso. Akapewa miwani. Akang'olewa gego zima kabisa. Shemeji yangu, mdogo wake, akasema ni pombe, ingawa mnywaji alikuwa yeye.

Kisha siku moja mwuza magodoro akajikuta amenunua kabati kubwa ambalo halikuingia mlangoni kwake.

“Umenikonyeza mwenyewe,” alisema. “Nikajua unaniambia nichukue.”

“Sijakukonyeza, bwana. Jicho linaniuma.”

“Linakuuma kila nikitaka kuondoka?”

Meneja wa ukumbi aliwaita wote wawili ofisini. Nilikwenda pia, kwa sababu mume wangu hakujua kujitetea. Alizoea kusifia vitu vya watu. Meneja akasema wazi kwamba ukumbi hauwezi kuwa na dalali asiyeaminika. Mume wangu akafungua mdomo kujibu, na hapo hapo jicho likafumba, akiwa amemwelekea meneja.

“Na mimi tena?” meneja akauliza.

Akasimamishwa kazi.

Tulipelekwa kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mfupi asiyecheka. Hakuanza na jicho. Aliuliza maumivu yanadumu kwa muda gani, na kama akipatwa hulala au hutembea.

“Anatembea,” nilimjibu. “Zulia la sebuleni limekwisha.”

Picha ya kichwa ikaonyesha hakuna uvimbe. Daktari akaeleza kwamba yako maumivu adimu yanayoshika upande mmoja wa kichwa na kuachia upesi. Ni kama ndugu wa tumbo moja: wanafanana sura, lakini kila mmoja ana dawa yake. Akaandika dawa iitwayo indomethasini.

“Hizi si za magoti, daktari?” mume wangu akauliza.

“Ni za magoti pia. Kama huyu ndiye ninayemdhani, zitamwondoa kabisa. Zisipomwondoa, tutamtafuta ndugu mwingine.” Akaongeza dawa ya kulinda tumbo, akamkataza kumeza vidonge bila kula.

Shemeji alipoziona alicheka mpaka akakaa chini. “Kaka, kumbe ulikuwa unaumwa goti la kichwani.”

Wiki hiyo hiyo maumivu yakakoma. Daktari, kwa ruhusa yetu, akamweleza meneja kwa simu, na meneja akakubali mnada mmoja wa kumjaribu. Yeye mwenyewe alikaa mstari wa mbele, na kando yake akamkalisha mwuza magodoro. Mume wangu akanadi kuanzia vitanda hadi ndoo. Ukumbi mzima ulilitazama jicho lile. Halikutikisika.

Mwisho meneja akamgeukia jirani yake. “Haya, una malalamiko?”

“Ninayo,” akasema mwuza magodoro. “Leo hajanikonyeza hata mara moja. Nimeshindwa kujua ninunue nini.”

Mume wangu akarudishiwa nyundo yake ya kunadia, akaishika mpaka alipostaafu. Vidonge aliendelea navyo kwa miaka, daktari akipunguza kila ilipowezekana. Kilichomuua ni kitu kingine, na aliondoka jicho likiwa kavu.

Kabati lile lililokataa mlango wa mwuza magodoro liko chumbani kwangu. Tulilipata kihalali. Zaidi ya hapo sisemi.