Vifaa Orijino Havikuua Lori Letu

Admin, usiache hata herufi moja ya jina langu, maana mume wangu yumo humu ndani na anachangia karibu kila siku. Nina miaka thelathini na nne, mama wa watoto watatu, mkulima wa kahawa na mahindi huku Mbozi, mkoa wa Songwe. Juzi mlikuwa mnabishana kama vifaa orijino vya injini vina thamani ya ile bei yake au ni kuibiwa tu. Yule aliyeandika kwa herufi kubwa kwamba ni utapeli mtupu, mnunue vya kawaida mlale usingizi, ndiye mume wangu. Hapa nitamwita Baba Neema. Wengi mlimuunga mkono. Mimi nilisoma, nikaweka simu chini, nikashindwa hata kupika.

Tulikuwa na lori moja dogo, ndilo lililotulisha. Injini yake ilikuwa inakunywa oili kama mlevi, na kila mwaka Baba Neema alikuwa anafunga pistoni na ringi za bei rahisi. Mdogo wake ndiye fundi wetu, ana gereji Vwawa. Alimwambia, "Kaka, hizi umeshafunga mara tatu. Ungefunga orijino mara moja ungekuwa umeshasahau." Baba Neema akachukua fedha ya kahawa tuliyoitenga kwa ajili ya bati, akaenda Dar mwenyewe, akarudi amelipakata boksi la vifaa orijino utadhani kabeba kichanga. Nyumba mpya tuliyokuwa tunaijenga ikabaki kuta. Jamani, nilichukia! Wiki nzima nilimwekea chai mezani bila kumtazama usoni.

Siku lori lilipokamilika, shemeji alikuwa msibani ukweni kwake, kwa hiyo Baba Neema alikabidhiwa ufunguo na watu wa gereji. Simu yake haikuwa na chaji. Shemeji akanipigia mimi.

"Shem, mwambie kaka asibebe mzigo kwanza. Vile vifaa vimebana sana, siyo kama vile vya zamani. Aitembeze tupu, polepole, wiki mbili, mpaka nirudi niikague. Usisahau, shem."

Nikamwambia sawa.

Baba Neema aliingia nyumbani anacheka. Kuna mfanyabiashara wa Tunduma alikuwa na mahindi Igamba, anataka yaondoke siku hiyo hiyo. Zile pistoni za kawaida alikuwa anafunga asubuhi na jioni kashapakia, kwani zilikuwa zimelegea tangu dukani. Lakini hizi alizionea wasiwasi. Akaniuliza, "Mama Neema, dogo kakupigia? Kasema lolote kuhusu gari?"

Mimi ni mwanamke wa mdomo, majirani wote wanajua. Siku hiyo nikaangalia zile kuta zetu, nikafikiria wiki mbili lori linazunguka tupu na mahindi ya watu yanabebwa na wengine. Nikataka hicho chuma kirudishe bati langu. Nikasema, "Kasema gari iko safi."

Injini ilinoki mlimani, kabla hata ya kufika Mpemba. Pistoni ziling'ang'ania, ikawa basi. Lori lilivutwa kwa kamba hadi nyumbani na mpaka leo lipo uani juu ya mawe, kuku wanatagia ndani.

Kikao cha ukoo kilikaa kwa mama mkwe. Shemeji akasimama akasema, "Mimi nilimpigia shemeji, nikamwambia mzigo usibebwe." Wote wakanigeukia. Nilikuwa na nafasi, nakiri mbele yenu. Baba Neema alinitazama kwa imani kabisa, na hayo macho ndiyo yaliyoniponza. Nikasema, "Alinipigia kutusalimia tu."

 Shemeji alikaa chini polepole. Baba Neema akamwambia mbele ya mama yao, "Umeniua, halafu unamsingizia mke wangu. Kuanzia leo sina mdogo."

Habari zikafika gerejini kabla shemeji hajarudi. Nani atampa injini fundi aliyeua lori la kaka yake? Alifunga gereji, akaenda Saza kuponda mawe ya dhahabu ya watu wengine. Mkewe amerudi kwao Iyula. Baba Neema sasa ni kibarua wa kupakia malori ya wenzake pale Tunduma, na kila akikaa na watu anawaambia orijino ni uongo. Wanaosema njia ya mwongo ni fupi hawajanijua. Yangu imefika mwaka wa pili, na kila siku inakuwa rahisi zaidi kuliko jana, ndiyo maana najiogopa.

Mama mkwe sasa hawezi kuinuka, tunamuuguza hapa kwetu. Anaomba kitu kimoja tu, awaone wanawe wakila sahani moja. Baba Neema amekataa katakata mpaka mdogo wake akiri kosa.

Jana shemeji amenipigia. Sauti yake imekauka kwa vumbi, nilidhani ni mzee. Akasema, "Shem, Jumapili nakuja. Nitampigia kaka magoti, nitamwambia nilifunga vibaya. Mama asiondoke hivi. Usiogope, sitakutaja." Hakunitukana. Angenitukana ningepata pa kushika.

Nikisema ukweli, Baba Neema hatanisamehe, namjua, na yule mama atatufia mikononi kwa ukweli huo. Nikinyamaza, mtu asiye na kosa atapiga magoti kwenye sebule yangu, na mimi ndiye nitakayewapelekea maji ya kunawa waanze kula.

Leo ni Ijumaa. Nitukaneni mkimaliza mniambie, Jumapili nifanyeje?