"Ndiyo, Baba" ya Kizimbani

Mwanangu, ipo siku moja naikumbuka hata nikiwa kwenye mswala, Mola anisamehe. Ni siku niliyosimama mahakamani kumtolea ushahidi dada yangu Tatu.

Jirani yetu wa Mapinga alimkata Tatu mkono kwa panga, mchana kweupe, kwa ugomvi wa mpaka wa shamba. Mimi, msichana wa miaka ishirini, nilikuwa napalilia mihogo hatua kumi kutoka pale. Nilimwona uso. Mbali na Tatu mwenyewe, shahidi mwingine hakuwapo.

Kabla ya kesi, wakili wa serikali, dada mmoja kijana, aliniketisha akaniambia, "Mdogo wangu, sema ulichokiona. Usichokijua, sema sijui. Ukiulizwa jambo ambalo sivyo, jibu sivyo, hata anayekuuliza awe nani." Nikaitikia kwa kichwa, moyoni nacheka: kusema kweli nako kunafundishwa?

Wakili wa mshtakiwa alikuwa mzee wa rika la baba, mvi kichwa kizima, sauti ya upole. Mdomo ukanitoka wenyewe, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu." Hapo ndipo nilipokwisha.

"Mihogo ilikuwa mirefu, siyo?"

"Ndiyo, baba." Na ilinifika kiunoni tu!

"Na jua lilikupiga machoni?"

"Ndiyo, baba." Kwetu mtoto hamwambii mzee "sivyo".

"Basi huenda alikuwa mtu mwingine?"

Hakimu akaniamuru nijibu. Nikainamisha kichwa, "Huenda, baba."

Wakili wa serikali alihangaika kunirudisha kwa maswali yake, lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hukumu iliposomwa, yule bwana akaachiwa.

Tulipotoka nje Tatu aliniuliza, "Ulimwogopa nani?"

"Sikumwogopa, dada. Nilimheshimu."

Alitaka kujifunga mtandio, vidole vya mkono ule wenye kovu vikakataa kukunjika. Nikamfunga mimi, nalia.

Jumatatu ni zamu yako ya kutoa ushahidi, mwanangu. Wasalimie wote, adabu haina hasara, kisha jibu ukimwangalia hakimu. Swali usilolielewa, omba lirudiwe. Machozi yakija, yaache yatoke, kunywa maji, endelea. Na "sivyo, mzee wangu" si tusi. Heshima si utumwa.

Mola akukunjulie kifua, akufungulie ulimi, akurudishe nyumbani ukiweza kumtazama usoni yule uliyekwenda kumsemea. Amin.