Viganja vya Dada Zuhura

Juzi kule Goba, kwenye harusi ya mpwa wangu, nilinusa hina mbichi nikarudi kimawazo uani kwetu Mwananyamala, alasiri ile alipopakwa hina ya harusi mama yake, dada yangu Zuhura.

Alikuwa ametoka jana yake tu kutembelea visiwa vya ziwa moja la milimani na wanachuo wenzake. Sweta lake lilikuwa kambani, bado likinuka moshi wa kuni. Viganja vyake vilitoka malengelenge, na mie niliamini amechapwa, maana shuleni kwetu fimbo zilikuwa za mikononi.

"Mwenye mtumbwi aliteguka bega, mama, na upepo ulishachafuka. Nikashika kasia mie," dada alieleza.

"Na wanaume?" mama aliuliza.

"Walikuwa wanaomba dua."

Wageni waliangua kicheko. Mama hakucheka. Bibi aliyekuwa akimpaka alisema hina ikikolea itaficha yale malengelenge. Mama akakishika kiganja, akakitazama weee.

"Usiyafiche," alisema. "Wakwe zake wakiuliza, waambiwe mwanangu kavusha watu."

Dada akaanza kulia. Mie nikadhani hina imemchoma.