Mahlagha Afunga Nyasi

Mahlagha wa Kerman alikuwa amefumua tena matawi ya jua. Jua lenyewe lilikuwa la uzi, katikati ya kitambaa chekundu cha sufu alichomdarizia binti yake, Ferangis, kitandikwe siku ya harusi. Matawi ya kulizunguka yalimkatalia. Kila alilodarizi lilitoka limenyooka, limekufa, kama vijiko vimepangwa kabatini. Miaka yote wanawake wa mtaa walikuja kuutazama mkono wake. Sasa mama mkwe wa Ferangis, mwenye macho ya kupekua, angekuja kutazama vijiko.

Ndiyo maana ilipofika siku ya kumi na tatu ya mwaka mpya, siku ambayo hata mgonjwa hutolewa nje ili mkosi usimkute ndani, Mahlagha alisema habanduki.

"Mama, mkosi!" Ferangis akalalamika.

"Mkosi ndio huu ninaoufumua."

Jirani yao Turan alishafika mlangoni na sufuria la supu ya tambi. "Shoga, utatoka kwa miguu au kwa kubebwa? Mgongo wangu haujambo leo."

Alitoka. Lakini alilizungushia birika kitambaa chake, eti chai isipoe, na sindano akaichomeka ndani ya mtandio.

Walipotandika mikeka kando ya kijito, Turan akalifunua birika. Akacheka, akakikunja kitambaa, akakikalia.

"Inuka, Turan! Unalikalia jua langu!"

"Litapata joto. Kula saladi."

Mahlagha alichovya majani ya saladi kwenye siki na asali. Akamkagua Ferangis kama amevaa soksi nzito. Akamwambia asisogelee maji, kisha akamwambia tena. Halafu akakosa la kufanya. Maji yalipita chini ya mierebi, macho yakamlegea, na vidole, visivyojua kukaa bure, vikaanza kupinda nyasi ndefu na kuzifunga fundo.

"Jamani, njooni!" Turan akapiga yowe. "Mjane anafunga nyasi!"

Siku ile wanaofunga nyasi ni wasichana wanaoomba mume. Mikeka yote ikageuka. Ng'ambo ya kijito, Mashti Rajab, mgane muuza pistachio, akaanza kuchana masharubu.

"Mama," Ferangis akanong'ona, "si ungesubiri niolewe mimi kwanza?"

Mahlagha, uso ukimwaka, akataka kuzing'oa. Mkono ukasita. Fundo lilikuwa limezilaza nyasi upande mmoja, lakini kila jani limeinama kwa namna yake, kama upepo umepita sasa hivi. Akaitazama mierebi. Nayo vilevile.

"Nipe kitambaa changu."

"Kesho."

Alingoja hasira impande, haikuja. Akajilaza, akalala mdomo wazi mpaka chai ikapoa.

Kesho yake matawi yaliinama yenyewe kulizunguka jua, naye hakufumua hata moja. Mama mkwe alipokuja aliyapitishia kidole, akatafuta kosa kwa muda mrefu, kisha akauliza kama na yeye anaweza kudariziwa chake.

Tangu hapo kila wiki Mahlagha huenda kijitoni, sindano ameiacha nyumbani. Mtaa mzima unajua anamfuata Rajab, na Rajab mwenyewe amepaka masharubu rangi. Wakimuuliza, Mahlagha huinamisha macho kama mwari. Ni rahisi kuliko kumweleza mtu kwamba anakwenda kukaa bure, na kwamba huko ndiko kazini.